Namna ya Kuratibu Ziara za Ufuatiliaji wa Hoja katika Vituo vya Malezi na Elimu ya Awali Vinavyopokea Ruzuku

Ziara ya ufuatiliaji ni kazi ndogo kuliko ukaguzi ulioitangulia, na matatizo yake mengi hutokana na kusahau udogo huo. Ukaguzi wa kwanza huuliza kama kituo kinazingatia mkataba wa ruzuku, sheria na viwango vya malezi. Ziara ya ufuatiliaji huuliza jambo moja tu: je, hoja, yaani kasoro ambazo wakaguzi waliziandika safari ile, zimefanyiwa kazi, na kilichozizaa kimeondoka? Mratibu asiposhika mpaka huo, timu yake hurudi kituoni na kupekua upya kila kabati, mkuu wa kituo huona kwamba marekebisho aliyoyahangaikia hayakuwa na maana, na ofisi hubaki na orodha mpya ndefu ilhali ile ya zamani haijafungwa.

Maelezo haya yanawahusu waratibu wa mashirika na mifuko inayotoa ruzuku kwa vituo vya kulelea watoto wadogo mchana na madarasa ya awali nchini Tanzania. Msomaji aliyeko Kenya, ambako elimu ya awali iko mikononi mwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, atalazimika kubadilisha majina ya ofisi na ya sheria. Kazi yenyewe haitofautiani sana.

Hoja kwanza, ratiba baadaye

Waratibu wengi huanza kwa kupanga magari na tarehe. Ni afadhali kuanza kwa kuketi na taarifa ya ukaguzi wa kwanza na kusoma kila hoja kwa swali hili: mtu ambaye hakuwapo siku ile anaweza kufika kituoni na kuamua, bila kuuliza mtu, kama hoja hii imefungwa? Hoja isemayo kwamba "usalama wa watoto hauridhishi" haifungiki, kwa sababu hakuna anayejua mwisho wake ni upi. Lakini ikiandikwa kwamba kisima kilicho nyuma ya jiko hakina mfuniko, kwamba watoto hupita hapo wakienda chooni, na kwamba kituo kinatakiwa kukiwekea mfuniko wenye kufuli na kujenga uzio wa kutenganisha njia, basi hata dereva wa msafara anaweza kutoa hukumu sahihi.

Hoja iliyokamilika hubeba mambo yafuatayo: kilichoonekana, kigezo kilichovunjwa, chanzo cha kasoro, marekebisho yanayotakiwa, kielelezo kitakachothibitisha marekebisho hayo, mhusika, na tarehe ya mwisho. Katika haya yote, kigezo na chanzo ndivyo vinavyoandikwa kwa uzembe zaidi, na vyote viwili vinastahili kuelezwa kwa urefu.

Kuhusu kigezo, mratibu ni lazima ajue kituo kiko chini ya nani. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake, na husimamiwa na Ustawi wa Jamii. Darasa la awali lililomo ndani ya shule ya msingi ni mali ya sekta ya elimu, na anayelikagua ni mthibiti ubora wa shule. Kwa darasa la awali, kiwango kinachojulikana ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa kwenye kituo chenye watoto wa miaka miwili, ambao uangalizi wao una masharti yake. Zanzibar nako kuna Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011, hivyo shirika linalofanya kazi Unguja na Kibaha kwa pamoja lisitumie fomu moja iliyojaa vifungu vya Bara. Hoja iliyoegemezwa kwenye kifungu kisichohusika hupingwa kwa haki, na ikishapingwa hoja moja, mkuu wa kituo hupata ujasiri wa kuzitilia shaka na zile zilizo sahihi.

Kuhusu chanzo, tuchukue mfano wa michango ya hifadhi ya jamii. Mkaguzi amekuta kwamba kituo hakijawasilisha michango ya walezi NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) kwa miezi minne. Marekebisho mepesi ni kulipa malimbikizo, na kituo kitaleta stakabadhi. Lakini kwa nini michango haikulipwa? Inawezekana mhasibu hakujua kwamba mchango ni asilimia 20 ya mshahara na kwamba sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haipaswi kuzidi nusu yake. Inawezekana alijua, lakini bajeti iliyoidhinishwa na mfadhili mwenyewe iliweka mishahara bila sehemu ya mwajiri. Katika hali ya kwanza dawa ni mafunzo na jedwali la mishahara lililorekebishwa. Katika hali ya pili mwenye kosa ni ofisi ya mratibu, na hakuna ziara yoyote itakayoifunga hoja hiyo mpaka bajeti ifanyiwe marekebisho.

Muda wa kurekebisha

Hoja zipangwe kwa uzito wa madhara yake kwa mtoto, kisha kwa uzito wake kifedha. Kisima kilicho wazi, dawa ya kuua wadudu iliyohifadhiwa pamoja na unga wa uji, mlango wa dharura uliofungwa kwa mnyororo: haya hayasubiri barua wala ziara, hurekebishwa siku ileile mkaguzi akiwapo, na ziara ya ufuatiliaji huangalia kama hali imebaki hivyo. Kundi la pili ni yale yanayohitaji wiki kadhaa, kama majalada ya watumishi yasiyo na mikataba, au daftari la fedha taslimu lisiloandikwa. La tatu ni yale yanayohitaji fedha au idhini ya ofisi nyingine, kama vyoo vya watoto au cheti cha usajili.

Wapo waliolifunga jambo hili kwa sheria. Head Start, mpango wa serikali ya Marekani wa malezi na elimu ya awali kwa watoto wa familia za kipato cha chini ulioanza mwaka 1965, una sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2007 ambayo inataka mpokea ruzuku aliyekutwa na upungufu mkubwa afanyiwe ukaguzi wa ufuatiliaji ndani ya miezi 6 tangu ajulishwe, au hadi miezi 12 pale inapoonekana kwamba muda zaidi unahitajika. Ziara nyingine huruhusiwa kufanyika bila taarifa. Asiyerekebisha upungufu huo hupoteza ruzuku. Sina hakika kwamba mashirika yetu yanahitaji ukali wa namna hiyo, lakini uwazi wake unafaa kuigwa: mpokea ruzuku ajue tangu siku anapotia saini mkataba kwamba kasoro ya uzito fulani ina muda fulani na matokeo fulani, badala ya kuyajua hayo kwenye barua ya onyo.

Tarehe zenyewe zipangwe kwa kalenda ya huku. Mwaka wa masomo huanza Januari, na wiki zake za mwanzo ni za kuandikisha watoto. Hakuna rejesta itakayokuwa imetulia. Juni na Desemba kuna likizo, na kukagua kituo kisicho na watoto ni kukagua majengo. Masika ya Machi hadi Mei hufunga barabara nyingi za vijijini, na mafundi nao hawawezi kumwaga zege. Pia halmashauri huanza mwaka wake wa fedha Julai, kwa hiyo hoja inayotegemea afisa wa halmashauri kusafiri kwa bajeti ya serikali isipewe tarehe ya mwisho ya Juni 30. Zaidi ya yote, linganisha tarehe za marekebisho na tarehe za awamu za ruzuku. Kukipa kituo siku 60 za kujenga vyoo ilhali awamu ya pili ya fedha inaingia siku ya 75 ni kuandaa hoja isiyofungika kwa makusudi.

Rejesta ya hoja

Jedwali moja la kompyuta linatosha, ilimradi liwe moja. Kila hoja ipewe namba isiyobadilika inayoonyesha kituo, mwaka na mfuatano, na namba hiyo iandikwe kwenye barua, kwenye vielelezo, kwenye picha na kwenye taarifa ya mwisho. Hali ya hoja iwe na maneno matatu tu: wazi, inasubiri uthibitisho, imefungwa. Napendekeza kwa nguvu kwamba maneno "imefungwa kwa sehemu" yasitumike kabisa, kwa kuwa hoja ya namna hiyo hukaa kwenye rejesta miaka miwili bila mwenyewe. Ikiwa nusu ya kazi imefanyika, igawanywe kuwa hoja mbili, moja ifungwe na ya pili ipewe tarehe na mhusika.

Kazi ya mezani kabla ya safari

Takriban wiki sita kabla ya safari, kiandikie kila kituo barua yenye orodha ya hoja zake zilizo wazi na vielelezo vinavyotakiwa kwa kila moja, na ukipe siku 14 za kuvileta. Nakala iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Elimu Awali na Msingi kulingana na aina ya kituo, na kwa mwenyekiti wa kamati ya kituo. Nakala ya kamati ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu wazazi wakishajua kwamba fedha ya uji ina hoja, mkuu wa kituo hapati usingizi mpaka aijibu.

Vielelezo vikifika, zitenge hoja zinazoweza kufungwa mezani na zile zinazohitaji macho. Mkataba wa ajira uliosainiwa, usuluhishi wa benki (ulinganisho wa daftari la kituo na taarifa ya benki), muhtasari wa kikao na stakabadhi ya NSSF vinaweza kuhakikiwa ofisini, na baada ya kazi hiyo orodha ya kwenda nayo uwanjani hupungua sana. Choo, uzio, idadi ya watoto, lishe na namna walezi wanavyozungumza na watoto havifungwi kwa karatasi.

Picha zina mtego wake. Ofisi moja niliyowahi kufanya nayo kazi ilipokea picha safi ya matundu mawili ya vyoo yenye ngazi ndogo na mikono ya kushikilia, ikaifunga hoja na kuahirisha ziara. Miezi minne baadaye tulifika na kukuta kwamba choo kile kilikuwa cha shule ya jirani. Tangu hapo kila picha ya ujenzi tuliitaka ionyeshe jengo lote pamoja na alama inayotambulisha kituo, na hata hivyo iliifanya hoja "isubiri uthibitisho" tu. Zuia pia picha zenye nyuso za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na hakuna hoja ya vyoo inayohitaji sura ya mtoto ili ifungwe.

Timu na msafara

Timu ya watu wawili inatosha kwa kituo cha kawaida: mmoja anayejua malezi na mmoja anayejua hesabu. Mtu aliyekisaidia kituo kurekebisha kasoro asiwe ndiye anayeifunga hoja, hata kama ni mwaminifu, kwa sababu atakuwa anakagua kazi ya mikono yake. Afisa wa halmashauri aalikwe mapema kwa barua, na suala la posho na usafiri wake lielezwe humo kwa viwango vinavyotambulika, ili lisije kujadiliwa garini. Kuwapo kwake kuna faida ya pili: hoja ya usajili ambayo kituo kimeihangaikia kwa mwaka mzima mara nyingi hupata jibu pale aliyekalia faili anaposimama mbele ya jengo.

Usipange vituo vitatu kwa siku. Viwili vinawezekana vikiwa kata moja. Nje ya hapo, kimoja. Timu ifike wakati watoto wanapopokelewa, saa 1 au saa 1:30 asubuhi, kwa sababu makabidhiano ya mtoto kati ya mzazi na mlezi huonyesha mambo ambayo hayamo katika jalada lolote. Ibaki hadi uji wa saa 4 unyweke. Mambo ya fedha yaachwe mpaka watoto walale au waondoke, ili mhasibu, ambaye katika vituo vingi ni mlezi pia, asiondolewe darasani. Barua ya ziara iseme wazi kwamba timu inajitegemea kwa chakula. Vituo vyetu vina ukarimu, na kuku atakayechinjwa kwa ajili ya wageni atatafutiwa kasma (fungu la bajeti) kwenye ruzuku ileile inayokaguliwa.

Siku ya ziara

Anzeni kwa mazungumzo ya dakika 15 na mkuu wa kituo na mjumbe mmoja wa kamati. Mpitie orodha ya hoja zilizobaki na kumhakikishia kwamba hiyo ndiyo orodha yote. Kisha nendeni mkaone.

Kwa hoja za mahudhurio, hesabuni vichwa kabla ya kuomba rejesta. Kwa hoja za lishe, angalieni stoo, pimeni kilichobaki na mlinganishe na daftari la kupokea na kutoa, halafu mwone kikombe kinachomfikia mtoto. Kwa hoja za usalama, piteni njia anayopita mtoto, kwa kimo chake: kitasa, kona ya meza, waya wa pasi, ndoo ya maji.

Kwa hoja za fedha, kosa la kawaida ni kupitia tena hati zilezile zilizokosolewa. Hizo zimesharekebishwa, kituo kilikuwa na miezi ya kufanya hivyo. Chukueni malipo machache yaliyofanyika baada ya tarehe ya marekebisho na myafuate kutoka taarifa ya benki hadi hati ya malipo, idhini, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) na bidhaa yenyewe. Ikiwa hoja ilikuwa kwamba mkuu wa kituo huidhinisha malipo yake mwenyewe, saini mbili kwenye hati za mwaka jana hazina thamani yoyote. Tazameni hati za mwezi uliopita. Pale ambapo kituo hulipa kwa simu, ombeni taarifa ya miamala ya laini iliyosajiliwa kwa jina la kituo. Ikiwa laini ni ya mtu binafsi, hiyo ni hoja mpya.

Hoja mpya hujitokeza, na mratibu awape wanatimu utaratibu wa kuzishughulikia. Ile isiyo na haraka iandikwe pembeni, ipelekwe kwenye ukaguzi kamili ujao, na isichanganywe na taarifa ya ziara hii. Ile inayogusa usalama wa mtoto irekebishwe papo hapo na ipewe namba. Dalili za ukatili kwa mtoto ni suala jingine kabisa: timu isimhoji mtoto, isimkabili mtuhumiwa, na isisubiri kuandika taarifa, bali iarifu Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi siku hiyohiyo. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, iwe kwenye fomu ya kila mwanatimu.

Kabla ya kuondoka, someni kwa sauti hali ya kila hoja mbele ya mkuu wa kituo na mumpe nafasi ya kujibu. Majibu yake yaandikwe kama alivyoyatoa, hata pale ambapo timu haikubaliani nayo.

Hoja isiyofungwa

Hapa ndipo mratibu anapohitaji busara kuliko fomu. Hoja hubaki wazi kwa sababu kituo hakikuweza, hakikutaka, au hoja yenyewe haikuwa sahihi. Kituo kisichoweza hupewa tarehe mpya pamoja na msaada uliotajwa kwa jina: fundi, mhasibu wa kujitolea kwa wiki moja, marekebisho ya bajeti. Hoja isiyo sahihi hufutwa kwa maandishi yenye sababu, na ofisi isione haya kufanya hivyo. Kituo kisichotaka hupewa barua ya onyo na hatua za kifedha zilizomo kwenye mkataba.

Kusitisha ruzuku yote mara moja ni hatua ambayo maumivu yake humfikia mtoto kabla ya mkuu wa kituo, kwa kuwa kinachokatika kwanza ni uji na kinachofuata ni mshahara wa mlezi. Kuna hatua za katikati: kutoa fedha kwa mwezi badala ya robo mwaka, kumlipa msambazaji wa chakula moja kwa moja, kuzuia kasma ya vifaa na kuiacha ya lishe. Usitishaji kamili ubaki kwa udanganyifu, kwa hatari kwa watoto na kwa kituo kinachokataa kukaguliwa, na ufanyike baada ya kuiarifu halmashauri ili watoto watafutiwe pa kwenda.

Baada ya safari

Taarifa ya kituo kimoja isizidi kurasa tatu: namba ya hoja, kilichoonekana, kielelezo, uamuzi, hatua inayofuata. Ikifika kituoni ndani ya siku 10 za kazi, kumbukumbu za pande zote mbili huwa bado mbichi. Ikichelewa miezi miwili, mkuu wa kituo hupokea barua inayoeleza hali ambayo imeshabadilika. Barua inayofunga hoja iandikwe kwa uzito uleule wa barua iliyoifungua, yenye saini na muhuri, kwa sababu kituo kitaihitaji kwa mfadhili mwingine na kwenye usajili.

Vielelezo vihifadhiwe kwa namba ya hoja, si kwa tarehe ya safari. Kisha rejesta nzima ipangwe upya kwa aina ya kasoro badala ya jina la kituo. Kasoro iliyojitokeza katika vituo vitatu au vinne kwa chanzo kilekile iondolewe kwenye orodha ya ziara zijazo na ipelekwe kwa anayeandaa mikataba, pamoja na rasimu ya kifungu kinachotakiwa kubadilishwa, kabla ya awamu inayofuata ya ruzuku kutangazwa.